Fimwea Inapokwama Kwenye Mashine Pepe Yenye Prosesa Mamia

Fimwea ndiyo programu ya kwanza kufanya kazi mashine inapowashwa, kabla Linux au Windows haijajua hata diski iko wapi. Kwenye mashine pepe zinazoigwa na programu ya QEMU, kazi hiyo hufanywa na SeaBIOS au OVMF kwa prosesa za ukoo wa x86, EDK2 kwa ARM, na OpenSBI kwa RISC-V. Fimwea hujua prosesa ni ngapi, hutenga kumbukumbu ya kuzihudumia, hufikisha kwa mfumo endeshi majedwali yanayozieleza, na aghalabu huziamsha yenyewe moja moja. Prosesa pepe zikiwa nne, yote hayo hupita kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti. Zikifika 64, uchelewaji huanza kuonekana. Zikipita 255, mara nyingi kinachobaki ni kioo cheusi kisicho na neno, na mtumiaji hajui kama asubiri au azime.

Kuiga mashine ya prosesa 300 hakuhitaji kumiliki mashine ya prosesa 300. Mwanafunzi wa kompyuta aliyerudi likizo Misigiri, pale njia panda ya Kiomboi kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, anaweza kuiga seva ya namna hiyo kwenye laptopu ya mtumba yenye viini vinne, akaona programu yake inavyojigawa kabla ya kuipeleka kwenye seva halisi Dodoma au Dar es Salaam. QEMU huipa kila prosesa pepe uzi wake wa kazi, na Linux ya laptopu huzipa nyuzi hizo 300 zamu kwenye viini vinne vilivyopo. Kinachopotea ni kasi. Upotevu huo wa kasi ndio chanzo cha karibu nusu ya hitilafu zitakazojadiliwa hapa, kwa sababu fimwea iliandikwa ikiwa na makadirio yake ya muda ambao prosesa huchukua kuitika. Sehemu kubwa ya zilizobaki hutokana na upana wa namba: mahali fulani kuna nafasi ya biti 8 au 16 iliyotengwa zamani, mashine kubwa zilipokuwa ndogo. Anayeanza kutafuta tatizo akiwa na maswali hayo mawili kichwani, muda au upana, hufika haraka kuliko anayebadilisha machaguo kwa kubahatisha.

Ukuta wa kwanza uko kwenye namba 255. Kila prosesa ya x86 ina kidhibiti chake cha mikatizo, yaani zile ishara zinazoitaka iache ilichokuwa ikifanya na kushughulikia kingine. Kidhibiti hicho huitwa APIC, na kila kimoja kina namba ya utambulisho. Katika mfumo wa zamani, xAPIC, namba hiyo ina biti 8, na thamani ya 255 imehifadhiwa kwa tangazo linalokwenda kwa wote. Zinabaki namba 0 hadi 254. Mfumo wa x2APIC, ulioingia na kizazi cha Nehalem cha Intel mwaka 2008, ulipanua utambulisho hadi biti 32, na kwa karatasi tatizo likaisha. Kwa vitendo halikuisha, kwa kuwa mikatizo inayotoka kwenye vifaa, kama diski na kadi ya mtandao, bado huandikwa anwani ya biti 8. Prosesa namba 280 huweza kuwa hai na ikafanya hesabu vizuri, huku kadi ya mtandao ikiwa haina njia ya kuifikia.

Dawa ni kuongeza kifaa kinachotafsiri anwani za mikatizo. Katika QEMU kinaitwa intel-iommu, na kinahitaji mashine ya aina ya q35, maana ile ya zamani, pc, inaishia prosesa 255. Amri kwenye laptopu yenye KVM, ambayo itaelezwa mbele kidogo, huwa hivi:

qemu-system-x86_64 -accel kvm -cpu host -machine q35,kernel-irqchip=split -device intel-iommu,intremap=on,eim=on -smp 300 -m 8G

Kifaa cha intel-iommu kitajwe kabla ya vifaa vingine vyote kwenye mstari wa amri. Neno eim=on ndilo linaloruhusu utambulisho mpana, na intremap=on ndilo linalowasha tafsiri yenyewe. Kernel-irqchip=split hugawa kazi ya mikatizo kati ya keneli ya laptopu na QEMU. Machaguo hayo yakigongana, mathalani intremap=on bila split, QEMU hukataa kuanza na kutaja inachotaka.

Aina ya mashine nayo ina kikomo chake. Kwa miaka mingi q35 iliishia prosesa 288, kisha ikapandishwa hadi 1024, na matoleo ya hivi karibuni yanafika 4096. Mtego uko kwenye majina yenye namba ya toleo. Mashine pepe iliyotengenezwa zamani huwa imeandikwa pc-q35-8.0 au mfano wake katika faili la mipangilio, na jina hilo hubaki na kikomo cha enzi zake hata QEMU ikisasishwa. Wengi husasisha programu, huona kosa lilelile, kisha huilaumu fimwea isiyohusika. Faili la mipangilio likaguliwe kwanza.

Mtego wa pili wa namba ni wa kijanja zaidi, na huwapata watu ambao hata hawajafika 255. Utambulisho wa APIC hautolewi kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Hujengwa kwa vipande vya biti: kipande cha nyuzi, kipande cha viini, kipande cha soketi. Kila kipande hutengewa idadi kamili ya biti, hivyo idadi isiyo kipeo cha mbili huacha namba zisizotumika. Mashine ya soketi 80 zenye viini vitatu kila moja ina prosesa 240, chini kabisa ya ukuta. Lakini viini vitatu huchukua biti mbili, ambazo zinatosha vinne, kwa hiyo kila soketi hula namba nne. Prosesa ya mwisho, kiini cha tatu cha soketi ya themanini, hupata utambulisho 79 mara 4 kuongeza 2, yaani 318. Mashine ya prosesa 240 inageuka kuhitaji x2APIC na kila kinachofuatana nayo. Anayetaka kuepuka hayo achague viini 2, 4, 8 au 16 kwa soketi, asiandike 3, 6 au 12 bila sababu. Prosesa hizohizo 240 zikipangwa kwa soketi 15 zenye viini 16, utambulisho wa juu unakuwa 239.

Hayo yanahusu mashine zinazotumia KVM, ambapo prosesa ya laptopu hutekeleza maelekezo ya mashine pepe moja kwa moja. Laptopu nyingi za mtumba huja na uwezo huo umezimwa kwenye mipangilio yake ya kuwashia, na aliyeuza hakujua wala hakuulizwa. Kuuwasha ni kazi ya dakika moja. Pasipo KVM, QEMU hutafsiri kila elekezo kwa programu, njia iitwayo TCG. Njia hiyo ilikuwa haina x2APIC kabisa hadi QEMU 9.0 ya mwaka 2024. Kwa hiyo anayeiga mashine ya x86 kwa TCG, akiwa na toleo la zamani lililokuja na mfumo wake wa Linux, hatavuka 255 kwa mbinu yoyote. Bora atumie bando lake kupakua QEMU mpya kuliko kupakua picha nyingine ya mfumo endeshi.

Namba zikiwa sawa, linabaki suala la kuamsha. Mashine ya x86 ikiwashwa, prosesa moja tu huanza kazi. Nyingine hulala zikingoja kuitwa. Fimwea hutuma ishara kwa zote kwa pamoja, na kila moja ikiamka hujiandikisha. SeaBIOS hufanya hivyo kama mwalimu wa zamu anayeita majina mstarini na kuapa kutoruhusu mtu kuingia darasani hadi wote waitike: inajua idadi inayotarajiwa, nayo huzunguka ikingoja hesabu ifikie idadi hiyo, bila kikomo cha muda. Prosesa moja isipoitika, mashine haitafika popote. Zaidi ya hapo, prosesa zinazoamka hutumia rundo moja la kumbukumbu kwa zamu, zikipokezana kufuli moja. Iliyoshika kufuli ikikosa zamu kwenye viini vinne vya laptopu, nyingine zote zilizokwisha kuamka hubaki zikizunguka bure, na kuzunguka huko hula muda uleule unaohitajiwa na iliyoshika kufuli. Ndiyo maana muda wa kuwaka huongezeka kwa kasi kuliko idadi ya prosesa. Kutoka 100 kwenda 200, kungoja huweza kuwa zaidi ya maradufu, na hilo pekee si dalili ya hitilafu.

OVMF ina desturi tofauti. Msingi wake, EDK2, kwa kawaida hutuma ishara kisha hungoja muda uliowekwa, ambao kwa chaguo-msingi ni mikrosekunde 50,000, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na huhesabu zilizokwisha kufika. Kwenye mashine ya chuma muda huo unatosha. Kwenye laptopu inayogawa viini vinne kwa nyuzi 300, prosesa kadhaa hazijapata hata zamu ya kwanza. Fimwea husonga mbele ikiamini mashine ina prosesa 190, na zile zilizochelewa huamka baadaye katikati ya kazi isiyozihusu. Matokeo yake ni mashine inayowaka leo na kukwama kesho bila kubadilishwa chochote, au inayoonyesha idadi tofauti ya prosesa kila inapowashwa. OVMF za miaka ya karibuni huuliza QEMU idadi kamili kupitia njia iitwayo fw_cfg, na zikiijua hungoja hadi prosesa zote zifike. Kwa hiyo dalili ya idadi inayobadilika-badilika ina jibu fupi: faili la OVMF ni la zamani, libadilishwe. Kifurushi cha ovmf cha Debian au Ubuntu ni cha megabaiti chache, wakati kupakua msimbo wa EDK2 wote na kuujenga upya ni mzigo ambao kwa mtumiaji wa kawaida hauna faida.

Kuna undani mmoja kuhusu saa ambao maelezo mengi huuruka. Katika TCG prosesa pepe huenda polepole mno, lakini saa ya mashine pepe hufuata saa ya ukutani. Hivyo kikomo cha sekunde moja ndani ya fimwea hubaki sekunde moja ya kweli, huku kazi inayoweza kufanyika ndani yake ikiwa imepungua mara kumi au hata mara mia. Chaguo la -icount hubadilisha mpango huo: muda wa mashine pepe huhesabiwa kwa maelekezo yaliyotekelezwa. Kwa -icount shift=0, kila elekezo huhesabiwa nanosekunde moja, na milisekunde 50 za fimwea zinakuwa maelekezo milioni 50. Maelekezo hayo ni ya prosesa zote kwa jumla. Zikiwa 300, kila moja inapata kama 166,000. Shift=3 ingehesabu nanosekunde nane kwa elekezo na kupunguza fungu hilo hadi kama 20,000, kwa hiyo namba ndogo ndiyo yenye huruma kwa fimwea yenye haraka. Gharama ya -icount ni kwamba QEMU huacha kutumia nyuzi nyingi na kuendesha prosesa zote kwa zamu kwenye kiini kimoja. Hiyo si njia ya matumizi ya kila siku. Thamani yake iko kwenye uchunguzi, kwa kuwa huondoa bahati nasibu: kosa lililotokea mara moja katika kumi hutokea kila mara, au halitokei tena, na yote mawili ni habari.

Kumbukumbu nayo huisha pasipotarajiwa. EDK2 hutengea kila prosesa saidizi rundo la kilobaiti 32. Prosesa 1024 humaanisha megabaiti 32 kabla ya kitu kingine chochote. Mtu anayejaribu idadi kubwa huku akiibania mashine pepe kwa -m 512M, kwa sababu laptopu yake ina gigabaiti 8 tu, huweza kuiua fimwea kwa njaa. Gigabaiti 2 ni kiwango cha chini cha busara kwa mamia ya prosesa, na Linux itakayofuata itahitaji zaidi, kwani nayo hutenga eneo la kila prosesa.

Eneo linalosumbua zaidi ni TSEG. Hiki ni kipande cha kumbukumbu kinachofichwa ili fimwea ilinde funguo na mipangilio ya kuwaka kwa usalama, na hutumiwa na OVMF zilizojengwa kwa hali ya SMM. Kila prosesa huhitaji sehemu yake humo, na ukubwa wa anwani za kumbukumbu nao hula, takriban megabaiti 8 kwa kila terabaiti. QEMU hutenga megabaiti 16. Kiasi hicho hutosha takriban prosesa 272 zenye gigabaiti 5 za kumbukumbu, au prosesa 48 zenye terabaiti nzima. Mashine ya prosesa 300 imekwisha kupita mstari, na OVMF isiyopata nafasi husimama hapohapo kimya, kioo kikiwa hakijaonyesha hata nembo. Chaguo la -global mch.extended-tseg-mbytes=32 huondoa tatizo; wanaosimamia mashine pepe kwa libvirt huandika ukubwa huo ndani ya kipengele cha smm. Kuthibitisha kwamba TSEG ndiyo mkosaji ni rahisi: mashine iwashwe kwa faili la OVMF lisilo na SMM, ambalo kwenye Debian ni OVMF_CODE_4M.fd, badala ya lile lenye neno secboot. Ikiwaka, jibu limepatikana.

Majedwali ndiyo ngome ya mwisho ya biti 16. SMBIOS ni orodha ambayo mfumo endeshi huisoma kujua mashine ina soketi ngapi, kumbukumbu kiasi gani, na imetengenezwa na nani. Katika muundo wake wa zamani, urefu wa orodha nzima huandikwa kwa biti 16, kwa hiyo hauwezi kuzidi baiti 65,535. Kila soketi ina rekodi yake, ambayo pamoja na maandishi yake huchukua karibu baiti 90. Orodha hujaa kabla ya soketi 730. Idadi hiyo ya soketi inaonekana kama ndoto, lakini kabla ya mashine za toleo 6.2, QEMU iliyopewa -smp yenye idadi tu, bila maelezo zaidi, ilitengeneza soketi moja yenye kiini kimoja kwa kila prosesa. Tangu 6.2 huweka viini vingi kwenye soketi moja. Hapo huingia kasoro ya upande wa pili: idadi ya viini kwa soketi katika muundo wa zamani iliandikwa kwa baiti moja, na soketi yenye viini zaidi ya 255 huripotiwa vibaya. SMBIOS 3.0 ya mwaka 2015 ilipanua nafasi zote mbili.

Ingetosha basi kuhamia 3.0 na kusahau. QEMU 8.1 ilifanya hivyo kwa mashine za q35, na Windows zilizokuwa zikiwashwa kwa SeaBIOS zikashindwa kuiona orodha hiyo mpya. Matoleo yaliyofuata yalileta hali ya kuchagua yenyewe: muundo wa zamani hutumika mashine inapotoshea, mpya inapozidi. Anayebaki na toleo la katikati aweke smbios-entry-point-type=32 kwenye -machine kwa Windows ya SeaBIOS, na 64 kwa mashine kubwa inayotumia OVMF. Kwa mgawanyo wa soketi, aandike wazi: -smp 512,sockets=4,cores=64,threads=2 huondoa utata wote.

OVMF ilikuwa na ukuta wake wa ndani wa namna hiyohiyo. Hatua zake za mwanzo hupasha habari hatua zinazofuata kwa vifurushi ambavyo urefu wake nao ni biti 16, na habari za prosesa zote zilitiwa kwenye kifurushi kimoja. Kwa mashine za maelfu ya prosesa kifurushi kilifurika. Mwaka 2024 EDK2 ilianza kugawa habari hizo kwenye vifurushi kadhaa. Anayelenga idadi hizo hana sababu ya kuhangaika na faili lililotangulia mwaka huo.

Kwa ARM mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu EDK2 huko haiamshi prosesa saidizi. Mfumo endeshi ndio unaoziita baadaye. Vikomo viko kwenye kidhibiti cha mikatizo, kiitwacho GIC. Mashine ya aina ya virt yenye GICv2 inaishia prosesa 8, na wanaoandika -smp 16 hukataliwa papo hapo hadi waweke gic-version=3. GICv3 nayo ina eneo la kwanza la anwani linalotosha prosesa 123; zinazozidi huwekwa eneo la pili lililo juu kwenye anwani, na eneo hilo hupotea mtu akiandika highmem=off. Kwa RISC-V, mashine ya virt ya QEMU inaruhusu hadi prosesa 512 ilhali OpenSBI kwa chaguo-msingi imejengwa na orodha ya biti 128. Asiyetaka kujenga OpenSBI upya abaki ndani ya 128.

Uchunguzi wenyewe uanze kwa kuipa fimwea sauti. SeaBIOS na OVMF zote huandika maelezo kwenye mlango uleule wa siri, na machaguo haya mawili huyahifadhi kwenye faili:

-debugcon file:fimwea.txt -global isa-debugcon.iobase=0x402

SeaBIOS itaandika humo prosesa ilizozipata na kikomo chake. OVMF huandika mengi zaidi, ilimradi imejengwa kwa hali ya DEBUG; iliyojengwa kwa hali ya RELEASE itanyamaza, na ukimya wake usitafsiriwe kuwa haikufika popote. Mstari wa mwisho wa faili ndio unaoeleza kazi ilikatikia wapi.

Kisha idadi ipandishwe kwa hatua zenye maana badala ya kuruka kutoka 4 hadi 300. Idadi zinazofaa ni 8, 64, 128, 254, 255, 256, 257, kisha ile inayotakiwa. Mashine inayokufa ghafla kati ya 255 na 256 ina tatizo la upana. Inayozidi kuchelewa polepole na hatimaye kukata tamaa mahali pasipo na maana, mathalani 170 leo na 185 kesho, ina tatizo la muda. Mpaka mkali unaohama kulingana na -m unaashiria kumbukumbu au TSEG.

Jaribio moja hutenganisha majedwali na uamshaji kwa usafi kuliko mengine yote: -smp 1,maxcpus=300. Mashine huwaka na prosesa moja, lakini majedwali ya ACPI, yanayoeleza prosesa kwa mfumo endeshi, na hifadhi ya TSEG huandaliwa kwa ajili ya 300. Ikikwama hata hapo, hakuna prosesa ya kulaumiwa kwa kuchelewa. Kosa liko kwenye majedwali, kumbukumbu au namba. Ikiwaka vizuri, basi shida iko kwenye kuamsha. Kwa kazi nyingine jaribio hilo hugeuka kuwa suluhisho, kwani prosesa zilizobaki huweza kuchomekwa baadaye kwa device_add mfumo endeshi ukiwa umekwisha kuwaka, na amri ya info hotpluggable-cpus huonyesha namba za kujaza.

Kioo kikiwa cheusi kwa muda mrefu, kilichokwama hutofautishwa na kilichochelewa kwa kufungua dirisha la amri la QEMU na kuandika info registers -a. Prosesa zenye HLT=1 zimelala zikingoja. Ikiwa idadi ya zilizolala inabadilika kila baada ya dakika, mashine inaendelea na kazi, mtu akanywe chai. Ikiwa ni prosesa moja tu inayozunguka kwenye anwani ileile na nyingine zote zimelala bila kubadilika, SeaBIOS inangoja asiyekuja, na hakuna kusubiri kutakakosaidia. KVM inaweza pia kuonya mwanzoni kwamba idadi ya prosesa imezidi inayopendekezwa kwa laptopu hiyo. Hilo ni onyo la kasi na linaweza kupuuzwa.

Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, uwashaji wa nusu saa usiachwe upotee. Mashine ikishawaka, savevm huhifadhi hali yake yote ndani ya diski ya qcow2, na loadvm huirudisha bila kupitia fimwea tena. Kwa OVMF amri hiyo kwa kawaida hukataliwa kwa maelezo kwamba pflash1 haiwezi kuhifadhiwa, kwa kuwa faili la vigezo vya OVMF liko katika muundo ghafi. Faili hilo ligeuzwe kwa qemu-img convert -O qcow2, litajwe kwa format=qcow2, na faili la msimbo liwekwe readonly=on. Kazi hiyo ifanyike kabla ya uwashaji wa kwanza. Aina ya mashine iandikwe pamoja na toleo lake, tuseme pc-q35-9.0, ili hali iliyohifadhiwa ifunguke hata QEMU ikisasishwa.

Kuna pia lawama ambazo fimwea haistahili. Linux ikiwaka na kuonyesha prosesa 64 kati ya 300, rekodi ya keneli itazamwe kwa dmesg: ikitaja NR_CPUS, keneli hiyo imejengwa kwa kikomo kidogo, na nr_cpus kwenye mstari wake wa kuwaka nayo huweza kuwa imebanwa na aliyetengeneza picha ya diski. Ikionyesha 255 kamili, x2APIC haikuwashwa au tafsiri ya mikatizo imekosekana, na mipangilio ya intel-iommu irudiwe kusomwa. Windows za matumizi ya nyumbani huhesabu soketi kwa leseni: zinakubali soketi moja, kwa hiyo -smp 16,sockets=16 huzaa mfumo unaotumia prosesa moja tu, wakati sockets=1,cores=16 huzitumia zote bila fimwea kuguswa.